Ndege Dakika 12, Gari Dakika 38: Nani Atatangulia Kufika Kajiado?

Mtu asimamaye Kitengela asubuhi, akielekeza uso wake kusini, huiona barabara kuu ya Namanga ikikata uwanda wa Kaputiei mpaka inapopotea machoni. Huko mbele, upande wa kusini-magharibi, uko mji wa Kajiado, makao makuu ya kaunti. Watu wengi wa Kitengela hawana budi kwenda huko mara kwa mara. Huyu ana shauri la kiwanja, yule ana kesi, mwingine anamtazama mgonjwa hospitalini. Na kila mmoja wao, kabla ya kufunga safari, hujiuliza swali ambalo wasafiri wamejiuliza tangu zamani: Ni mbali kiasi gani, na nitafika saa ngapi?

Siku hizi yako majedwali yatajayo umbali wa miji miwili yo yote duniani, pamoja na muda ambao ndege ingetumia kutoka mmoja hata mwingine. Jedwali la namna hiyo litasema kwamba kutoka Kitengela hata Kajiado ni mwendo wa dakika chache tu angani. Hesabu hiyo si ya uongo. Lakini hakuna shirika liuzalo tikiti za ndege kati ya miji hiyo miwili, na lau lingekuwako, abiria wake angefika nyuma ya jirani yake aliyepanda matatu. Sababu yake yafaa ieleweke vizuri, kwa maana ndani yake limo jambo limhusulo kila asafiriye, na kila akaaye nyuma ya meza kuwahudumia wasafiri.

KUPIMA KWA RAMANI

Umbali ni wa namna mbili. Uko umbali wa ramani, ambao ni mstari ulionyoka kutoka mahali hata mahali, na uko umbali wa njia, ambao hufuata mizunguko ya barabara, madaraja na milima. Ndege hufuata ule wa kwanza. Mwanadamu na gari lake hufuata ule wa pili.

Kuupata umbali wa ramani si kazi ngumu. Ramani nzuri huwa na mistari ya latitudo, ambayo huonyesha mahali palivyo kaskazini au kusini ya Ikweta, na mistari ya longitudo, ambayo huonyesha mahali palivyo mashariki au magharibi ya Greenwich, katika London. Kila digrii moja hugawanywa kuwa dakika 60. Dakika hizo si za saa ya mkononi. Ni vipande vya duara ya dunia. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya bahari, yaani mita 1,852. Karibu na Ikweta, dakika moja ya longitudo nayo ni karibu sawa na hiyo, na kwa hiyo wakazi wa Kenya wana bahati: hesabu yao ni nyepesi kuliko ya watu wa Ulaya.

Kitengela iko karibu digrii 1 na dakika 29 kusini, na digrii 36 na dakika 58 mashariki. Kajiado iko karibu digrii 1 na dakika 51 kusini, na digrii 36 na dakika 47 mashariki. Basi tofauti ya kusini ni dakika 22, na tofauti ya magharibi ni dakika 11. Karani aliyesoma hesabu za pembetatu atakumbuka kanuni ya Pythagoras. Mara 22 kwa 22 ni 484. Mara 11 kwa 11 ni 121. Jumla yake ni 605. Na kipeuo cha pili cha 605 ni karibu 24.6. Hizo ni maili za bahari, na ukizigeuza utapata karibu kilomita 46, au maili 28 za nchi kavu.

Kwa safari ndefu, kama ile ya kutoka Nairobi hata London, kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu dunia ni mviringo. Hapo yapasa kuchukua tufe la dunia na kukaza uzi juu yake kutoka mji hata mji. Njia ambayo uzi utaifuata ndiyo fupi kuliko zote. Lakini katika kilomita 46 mviringo wa dunia ni kama haupo.

Na barabara je? Kutoka Kitengela, kupita Isinya, hata Kajiado ni takribani kilomita 50, yaani maili 31. Barabara imezidi mstari wa ramani kwa kilomita 4 tu. Katika nchi ya milima jambo hili lingekuwa ajabu, kwa kuwa huko vijiji viwili vitazamanavyo juu ya bonde vyaweza kutenganishwa na nusu siku ya njia. Lakini uwanda wa Kaputiei ni tambarare, na waliochora barabara hawakuwa na sababu kubwa ya kuipinda. Kwa hiyo, tangu mwanzo, ndege imekwisha kunyimwa silaha yake moja: haina njia ya mkato ya kujivunia.

NDEGE INGEKWENDA NAMNA GANI

Silaha ya pili ya ndege ni mbio. Ndege ndogo ya propela moja, ya abiria watatu pamoja na rubani, huenda kiasi cha maili 120 za bahari kwa saa. Gawanya 24.6 kwa 120, kisha zidisha kwa 60, nawe utapata dakika 12 na sekunde chache. Ndege kubwa ya jeti, iendayo maili 450 za bahari kwa saa, ingemaliza safari hiyo kwa dakika 3 na robo. Lakini ndege ya namna hiyo haiwezi kufanya hivyo kwa kweli. Hutaka kupanda juu sana ndipo ipate mwendo wake, na kabla haijafika huko ingekuwa imekwisha kuipita Kajiado na kuanza kuiona Namanga. Kuitumia jeti kwa kilomita 46 ni kama kulifunga jembe la ng'ombe wanane kulima tuta la mchicha.

Zaidi ya hayo, dakika 12 ni za angani tu. Kabla yake, rubani hana budi kuikagua mashine, kupima mafuta, kuipasha moto injini, kuomba ruhusa kwa redio, na kungoja zamu yake. Kitengela iko karibu na uwanja mkubwa wa Embakasi, ambao ulifunguliwa mwaka 1958 na sasa waitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, na anga la jirani ya uwanja huo halichezewi. Kadhalika uwanda huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hasa wakati wa jua kali, nayo mabawa ya ndege hushika hewa nyepesi kwa shida. Kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi chini kabla ya kuruka. Hayo yote ni wakati, na wakati huo haumo katika zile dakika 12.

Tena, abiria wa kawaida hapandi ndege mlangoni kwake. Mtu wa Kitengela atakaye kukodi ndege ndogo angekwenda Wilson, uwanja ulioko Lang'ata, ambao jina lake latokana na Bibi Florence Kerr Wilson, mwanzilishi wa kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Kufika huko ni zaidi ya kilomita 30 kuelekea kaskazini, katikati ya msongamano wa magari ya Nairobi. Kisha kutoka Wilson hata Kajiado ni karibu kilomita 59 angani, kurudi kusini. Mtu huyo angekuwa ameipa Kajiado kisogo ili apate kuifikia, na jumla ya safari yake ingepita kilomita 89. Jirani yake aliyekwenda kwa barabara angekuwa amekwisha fika, amekunywa chai, na pengine amekwisha hudumiwa.

MAHALI NDEGE INAPOSTAHILI SIFA

Hayo hayasemwi kwa kuidharau ndege. Katika mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilipoanza kuleta barua kutoka London hata Kisumu na Mwanza, safari ilichukua siku kumi hivi, na watu waliona kuwa ni ajabu kubwa, kwa sababu meli ilichukua majuma kadhaa. Leo ndege kutoka London hufika Nairobi katika muda wa saa 8 au 9. Hakuna barabara wala reli iwezayo kushindana na hayo.

Siri yenyewe ni hii. Kila safari ya ndege ina muda wa kungoja usiopungua, uwe unakwenda karibu au mbali: kwenda uwanjani, kukaguliwa, kupakia mizigo, kushuka na kuichukua tena. Muda huo aghalabu ni saa 2 au zaidi. Abiria aendaye Mombasa, ambako ni kama kilomita 420 angani kutoka Nairobi, huongeza juu yake saa moja ya kuruka, kisha bado humshinda mtu wa gari moshi jipya lililoanza mwaka 2017, ambalo hutumia kama saa 5, na mtu wa basi ambaye hutumia zaidi. Lakini kwa kilomita 46, saa 2 za kungoja huimeza kabisa faida ya dakika 12 za kuruka. Mbio za ndege ni kama mtaji wa biashara kubwa: huleta faida kwa shehena nyingi, lakini hautoi kitu kwa mwuza kibaba.

Mfano mwema wa jambo hili ni Madaktari Warukao. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha shirika la kuwapelekea matibabu watu wa sehemu za mbali za Afrika ya Mashariki kwa ndege. Ndilo lililokuja kujulikana kwa jina la AMREF, na ndege zake za wagonjwa zina kituo Wilson. Mgonjwa aliyeko Lodwar yuko zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi kwa mstari ulionyoka, na njia ya nchi kavu ni ndefu kupita hapo tena ni ya kuchosha. Ndege humfikisha kwa muda usiozidi saa 2, na kwa mtu avujaye damu tofauti hiyo ni uhai.

Lakini tazama pia jinsi kazi hiyo ifanywavyo. Hao hawaokoi wakati angani peke yake. Huuokoa chini: redio na simu huwa na mtu wa kuzisikiliza usiku na mchana, dawa zimekwisha pangwa, ndege imekwisha tiwa mafuta, na daktari yuko tayari. Ndege ya mbio kuliko zote haina maana kama rubani bado anatafutwa nyumbani. Na mgonjwa mahututi wa Kitengela atakiwaye Kajiado, au wa Kajiado atakiwaye Nairobi, gari la wagonjwa lililo tayari mlangoni litamfaa kuliko ndege inayongojewa.

NJIA ZA ZAMANI

Tangu zamani watu wa uwanda huo wameupima umbali kwa miguu. Mtu mwenye afya aendaye kilomita 5 kwa saa angetumia saa 10 kutoka Kitengela hata Kajiado, bila kupumzika. Kwa ng'ombe hesabu ni nyingine. Ng'ombe wachungwao njiani hawafai kupitishwa kilomita 15 au 20 kwa siku, wasije wakafika mifupa mitupu. Basi kwa mfugaji, Kajiado ilikuwa mwendo wa siku 3, na aliihesabu njia kwa visima na malisho, wala si kwa maili. Jina la Kajiado lenyewe latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mto mrefu, na kwa mwenye mifugo kujua maji yaliko kulikuwa na faida kuliko kujua kilomita.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilipita Athi River, kaskazini ya Kitengela, ikaendelea na safari zake. Miaka ya 1910 reli nyingine ilijengwa kutoka Konza, kupita Kajiado, hata ziwa la Magadi, kwa ajili ya kuchukua magadi. Hivyo Kajiado ikapata stesheni, na Kitengela haikupata. Msafiri wa reli kutoka Athi River ilimpasa kwenda kwanza mpaka Konza upande wa kusini-mashariki, kisha ageuke magharibi. Alizunguka pande mbili za pembetatu, hali mwenda kwa miguu alifuata upande wa tatu.

Barabara ndiyo iliyoshinda. Nayo ni sehemu ya njia kuu itokayo Athi River, kupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Namanga, hata Arusha katika Tanzania, urefu wa karibu kilomita 240. Baada ya mwaka 2006 njia hiyo ilijengwa upya kwa mikopo ya mataifa, na serikali mbili zikashirikiana. Kitengela nayo ikakua. Eneo la viwanda vya kuuza nje lililoanzishwa Athi River katika miaka ya 1990 lilileta wafanya kazi, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 150,000.

Lakini njia iliyofupishwa kwa mmoja yaweza kurefushwa kwa mwingine. Mashamba ya pamoja ya wafugaji, ambayo yaliandikishwa kwa sheria ya mwaka 1968, yaligawanywa, na la Kitengela liligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Viwanja vikauzwa, seng'enge ikatandazwa, na mchungaji ambaye baba yake alikwenda moja kwa moja sasa huzunguka ua huyu na ua yule. Nyumbu nao, ambao tangu kale hutoka katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1946, kwenda kula majani ya uwanda wa Kitengela wakati wa mvua, wamekutana na kuta. Hesabu zilizofanywa kwa ndege zilionyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huo walikuwa zaidi ya 20,000. Kufika mwaka 2011 walikuwa wamepungua hata chini ya 5,000. Ndiyo maana mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba kodi ili wasitie ua. Katika ramani kilomita 46 hazikubadilika. Katika nchi zimebadilika sana, na hutegemea ni nani apitaye.

DAKIKA 12 ZA DEREVA

Yarudi sasa kwa msafiri wa leo, ambaye amekaa ndani ya matatu na kutazama saa yake. Sheria ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la abiria kupita kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo, kama njia ni nyeupe, kilomita 50 humalizika kwa dakika 38 kasoro nusu. Wako madereva wasioridhika na hayo. Mmoja akikimbia kilomita 120 kwa saa atafika kwa dakika 25. Amepata faida ya dakika 12 na nusu.

Na bei ya faida hiyo ni nini? Nguvu ya gari linalogonga kitu haiongezeki sawa sawa na mbio, bali huongezeka kwa kipeo cha pili cha mbio hizo. Mbio zikiongezeka mara moja na nusu, nguvu ya mgongano huongezeka mara mbili na robo. Vile vile gari litahitaji mara mbili na robo ya ule umbali wa kusimamia tangu breki zishikapo. Punda akivuka barabara, au lori likiwa limesimama gizani bila taa, umbali huo ndio utakaoamua kama abiria watashuka kwa miguu yao au watashushwa. Abiria anayemhimiza dereva kukimbia ajue kwamba ananunua dakika 12 kwa roho za watu 14. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Mwenye kujua hesabu aweza kuongeza kwamba hata faida haina.

SAA ZINAPOPOTELEA

Ukitaka kujua hasa wakati wa msafiri unapotelea wapi, chukua mfano wa mkulima mmoja akaaye nje kidogo ya Kitengela, aliye na shauri katika ofisi ya mji ulio mbali naye kilomita 50. Aondoka nyumbani saa 12 asubuhi. Atembea nusu saa mpaka kituo cha magari. Angoja dakika 40 hata gari lijae watu. Akaa njiani saa moja, pamoja na kusimama hapa na pale kushusha na kupakia. Atembea robo saa hata ofisini, na hapo ni saa 2 na dakika 25. Akuta watu wengi mbele yake. Zamu yake yafika saa 5 kamili. Naye karani amtazama, aufungua mkoba wake wa karatasi, na kumwambia, "Mzee, hapa hakuna nakala ya kitambulisho. Nenda ukailete, uje kesho."

Sasa zipigwe hesabu. Toka saa 12 hata saa 5 ni dakika 300. Katika hizo, gari lilichukua dakika 60. Miguu ilichukua dakika 45. Na kungoja, kituoni na ofisini, kulichukua dakika 195, yaani karibu theluthi mbili za safari yote. Lau dereva angekimbia kama mwenda wazimu, mkulima huyo angeokoa dakika 12, sehemu moja katika 25. Lau angepanda ndege badala ya gari, angeokoa dakika 48. Lakini lau angeulizia mapema karatasi zitakazotakiwa, au lau palikuwa na tangazo mlangoni lililoorodhesha mambo yote, angeokoa siku nzima, nauli ya kwenda na kurudi, na kilomita 100.

Hapo ndipo hesabu ya masafa inapogeuka kuwa hesabu ya adabu. Karani asemaye "njoo kesho" bila sababu ameurefusha mji wake. Kwa neno moja ameuondoa mahali pake, akauweka kilomita 100 mbali zaidi na mtu yule. Na karani atazamaye karatasi za watu walio mstarini asubuhi, akamwambia mapema yule aliyepungukiwa na kitu, "Mzee, hapo jirani pana mashine ya kunakili, nenda upesi nami nitakuwekea nafasi," amefanya kazi ambayo barabara mpya haiwezi kuifanya.

Mkulima naye ana sehemu yake. Simu ya mkononi imo mfukoni mwake, na kuuliza ni senti chache. Karatasi zapasa zipangwe jioni, wala si alfajiri gizani. Nakala mbili ni bora kuliko moja. Na atakaye kuwahi gari la kwanza alale mapema, kwa maana saa iliyopotea kitandani hailipwi na dereva.

Kenya imekwisha ona kwamba safari fupi kuliko zote ni ile isiyofanywa. Kabla ya mwezi wa Machi 2007 mtu wa Kajiado aliyetaka kumpelekea fedha mwanawe aliyeko Kitengela alimpa dereva au rafiki bahasha, akaomba Mungu. Tangu M-Pesa ianze mwezi huo, fedha hupita kilomita 50 katika muda wa kufumba na kufumbua, wala hakuna apigaye hesabu ya ndege wala gari. Vituo vya Huduma, ambavyo vilianza mwaka 2013 ili mwananchi apate mambo mengi chini ya paa moja, vilifuata nia hiyo hiyo. Kila shauri liwezalo kumfuata mtu alipo ni barabara iliyofupishwa.

Lakini yako mambo yasiyopita katika simu. Ng'ombe hauzwi bila kuonwa, mgonjwa hatibiwi bila kuguswa, na shahidi yapasa asimame mbele ya hakimu. Kwa hayo barabara ya Kajiado itaendelea kupitwa kila siku. Ajiulizaye ni nani atatangulia kufika, mwenye ndege au mwenye gari, amekwisha jua jibu: atatangulia yule ambaye mambo yake yalikuwa tayari kabla hajaondoka, na aliyekuta huko aendako mtu aliye tayari kumpokea.